Kocha Kapigaje Kura?

14 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na afya je? Baridi ya makao makuu imekuacha salama au umeshaanza kukohoa? Sisi huku wazima. Baba naye mzima, ila sauti imemkauka, maana tangu ulipoapishwa anamsimulia kila mteja anayekaa kwenye kiti chake cha kunyolea. Juzi mtu alikuja kupunguza ndevu akatoka na kipara, kwa sababu Baba alikuwa anamwonyesha, mashine ikiwa mkononi, jinsi ulivyoinua mkono wa kuume kula kiapo. Mtu wa watu akajiangalia kwenye kioo, akasema, "Sawa tu, Mzee. Kwa ajili ya Kocha."

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na katibu. Aliniuliza nakupigia kuhusu nini. Nikamwambia kuhusu kuzaliwa tumbo moja. Akasema ataniwekea miadi! Basi nimeona bora turudi kwenye barua, kama zile ulizokuwa ukiniandikia nilipokuwa bwenini.

Sasa sikia. Nimepewa kipindi! Changu mwenyewe, kila Ijumaa mchana baada ya taarifa ya habari. Kinaitwa "Kapigaje?" Mhariri wetu amesema watu walikupa kura zao, sasa waambiwe na wewe kura yako unaipeleka wapi. Ile miswada mikubwa mnaitwa mmoja mmoja kwa majimbo, na kikao kinarushwa hewani, kwa hiyo tutachukua pale unapojibu ndiyo au hapana, tutairusha, nitaeleza muswada ulihusu nini, kisha wasikilizaji watapiga simu. Nilimuuliza mhariri haoni taabu kumpa kazi hiyo dada wa mbunge. Akanijibu, "Ndiyo maana nakupa wewe. Ukimficha, mji mzima utajua unamficha."

Sitakuficha, kaka. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Lakini sina wasiwasi. Kwanza utanipa raha tu, najua. Jana nimefanya majaribio ya kipindi nikaongea hadi fundi mitambo akanizimia kipaza sauti.

Mdogo wako,
Redio

3 Machi

Redio wa nyumbani,

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi mpaka nimesimama! Kipindi chako mwenyewe! Wewe uliyekuwa unawasomea kuku habari za michezo, kijiko kikiwa ndicho kipaza sauti! Mimi mzima kabisa, sikohoi, ila suti zinanibana mabegani. Msalimie Baba, mwambie apunguze kunyoa wapiga kura wangu bila ridhaa yao.

Ukumbi huu ungeuona. Viti vinazunguka. Siku ya kwanza nilizunguka kidogo tu nijaribu, nikajikuta nimempa kisogo Spika mbele ya nchi nzima. Kila meza ina kitufe cha kipaza sauti. Ukikibonyeza taa nyekundu inawaka na moyo unaanza kudunda kama penalti inapigwa na wewe ndiye kipa.

Na jana, Redio, tumefuta ada ya mitihani! Karani anaita jimbo, mbunge anasimama, anajibu. Lilipoitwa letu nikasimama nikasema NDIYO kwa sauti ile ya uwanjani, ya kumwita beki arudi nyuma. Spika alivua miwani. Wenzangu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nawaona wale wasichana wa timu yangu, hasa yule winga wa kushoto aliyerudishwa nyumbani siku ya mtihani kwa kukosa ada. Nilitaka asikie hata kama yuko jikoni.

Wiki zijazo inakuja tozo ya mafuta. Wanataka kuongeza. Unakumbuka nilivyosema jukwaani: hapana. Andaa kipindi chako mapema, jibu unalo.

Kaka yako,
Kocha

28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Nimerudia sauti ile mara nyingi na fundi mitambo, nikidhani labda karani aliita jimbo lingine. Ni letu. Na aliyejibu ni wewe, ingawa safari hii ulijibu kwa sauti ndogo kama mtu aliyechelewa ibadani. "Ndiyo."

Nimeirusha leo. Nikaeleza tozo ni nini na mafuta yatapandaje. Simu zikamiminika. Dereva wa lori alisema anataka tu kujua kama Kocha wa jukwaani na Kocha wa bungeni ni mtu mmoja. Mama mmoja alisema anawasha jiko lake kwa mafuta ya taa. Kisha akaguna, akakata.

Baba alikuwa anasikiliza dukani. Hakuzima redio. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaanza kukumbuka shughuli zao, mmoja mmoja, na hadi jioni kile kiti kimekaa kitupu.

Kwa nini, kaka? Niandikie sababu nami nitaisoma hewani neno kwa neno.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Usisome hii hewani. Mnadhimu wa chama, yule anayehakikisha wote tunapiga kura upande mmoja, alinikalisha ofisini kwake. Akaniambia barabara yetu iko kwenye bajeti hiyo hiyo, na nikisema hapana barabara inaondoka. Akaniuliza naona nini bora, lami au makofi. Ungekuwa mimi ungejibuje? Siasa si redio. Wewe ukikosea unaomba radhi na kuweka wimbo.

Halafu umechagua kuirusha mara mbili. Mara mbili! Ungeweza hata kuiruka hiyo moja. Ada ya mitihani ulinitangaza kama nimefunga bao la fainali, nikakushukuru. Hii moja tu, kwa ajili ya Baba, ungeiacha ipite.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Bado unaikubali shikamoo yangu, sivyo?

Niliirusha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mhariri alikuwa anapiga chafya karibu na kipaza sauti. Huo ndio ukweli wote.

Kuhusu kuiruka: nikiiruka moja, zile nyingine zote zitakuwa za kunuka. Siku nyingine ukifanya jambo jema nikalitangaza, watu watasema ah, huyo dada yake. Na hiyo sababu ya barabara, mbona ni sababu ya maana? Mimi binafsi sijui ningejibuje. Ungewaambia watu wenyewe wangekupima. Kinachowauma hawakuelezwa. Walisikia tu sauti ndogo.

Baba amepata wateja tena, wachache. Anawanyoa kimyakimya. Kimya cha Baba unakijua, kaka, kinasikika hadi barabarani.

Niandikie. Hata matusi niandikie.

Mdogo wako,
Redio

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama barua zangu zinakufika au katibu anazipangia miadi. Sisi wazima. Baba alikuwa na kifua, sasa amepona.

Hujanijibu, lakini siwezi kukaa na habari hii peke yangu, nitapasuka! Kituo cha mji wa jirani wameanzisha "Kapigaje?" yao! Walikuja watangazaji wawili, wakakaa nami studio siku nzima wakiandika kila kitu, hadi ninavyopumua. Wiki iliyofuata vituo vingine viwili vikaanza. Sasa hivi Ijumaa mchana ukizungusha redio unakuta kila pembe watu wanaulizana mbunge wao kapigaje. Jana kwenye foleni ya benki mlinzi alimwambia keshia, "Wa kwetu kwenye muswada wa maji alisema ndiyo, wa kwenu alikuwa msalani." Kaka, mlinzi wa benki! Anajua kura zenu kama anavyojua mabao!

Umepiga kura nne tangu tozo. Zote nimezirusha. Ile ya maji na ile ya likizo ya uzazi watu walipiga simu kukupongeza, dereva wa lori akiwemo. Nilidhani ungependa kujua.

Mdogo wako,
Redio

18 Juni

Redio,

Salamu nyingi. Pole kwa kimya changu. Barua zote zilinifika, na ile ya mlinzi wa benki nilivunjika mbavu peke yangu chumbani. Nilikuwa nimenuna, sasa kununa kumenichosha.

Una habari ya muswada mpya? Kituo chochote "kitakachotangaza mwenendo wa mbunge kwa namna ya kumdhalilisha" waziri anaweza kukifunga siku hiyo hiyo, bila mahakama. Hawakutaja kipindi, lakini kantini nzima inajua. Nikiingia kula, mtu anasema, "Kaka wa Redio huyo, chungeni mnavyotafuna." Wanacheka, ila mzee mmoja wa chama hacheki. Alinishika bega akasema dada yangu amewaletea balaa, na mimi ndiye wa kuliondoa.

Kuna jingine. Naibu Waziri wa Michezo anastaafu. Mnadhimu ameniita tena. Safari hii hakunitisha, alinitolea chai. Akasema nafasi hiyo inamtaka mtu aliyefundisha mpira kwenye changarawe na kujua maana ya goti lililochubuka. Redio, alikuwa ananichora mimi mwenyewe! Viwanja vya nyasi, wasichana wenye viatu vinavyowatosha, makocha wanaolipwa. Niliyaona yote juu ya meza ile. Kisha akasema kura ya muswada ni wiki ijayo, na kwamba wenye nafasi kubwa huwa ni watu wa kuaminika.

Wala sikudanganyi, naitaka nafasi ile. Nimeitaka tangu nilipoanza kufundisha.

Usinijibu barua hii. Nakuomba. Ukinijibu nitapiga kura ya dada yangu, na mimi nataka kupiga ya kwangu.

Kaka yako,
Kocha

27 Juni

Kaka! Kaka! Kaka yangu!

Shikamoo, marahaba, vyote pokea kwa pamoja, leo sina adabu! U mzima? Sisi tumeharibika kwa furaha!

Nilikutii. Niliandika barua ndefu nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana, hadi fundi mitambo akaniambia karatasi za kituo si zangu. Sikukujibu. Lakini acha nikusimulie ilivyokuwa huku, maana wewe ulikuwa ndani ya sauti na sisi tulikuwa nje tukiisubiri.

Mhariri aliamua tusikae studio. Alisema kama ni siku ya mwisho ya kipindi, basi kifie mikononi mwa watu. Tukavuta nyaya hadi dukani kwa Baba. Spika moja juu ya mlango, nyingine kwenye nguzo ya taa. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikiwa na kipaza sauti, na barabara ilikuwa imejaa, wenye maduka wamefunga, pikipiki zimezimwa. Kwenye kiti cha Baba alikuwepo mwalimu mkuu, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado. Kura ilipoanza Baba akazima mashine akasema, "Subiri kidogo, Mwalimu." Mwalimu akasema, "Hata mimi nasubiri."

Karani akaanza kuita majimbo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Hapana moja, watu wakapiga makofi. Ndiyo tena, ndiyo tena. Nilikuwa natangaza kila jibu huku nikihesabu kwa vidole. Watu wakaanza kunitazama kwa huruma, kama mtu ambaye jeneza lake linachongwa akiliona. Kisha akaita jimbo letu.

Kimya.

Kaka, ulikuwa unafanya nini? Hapa mtoto mchanga alipiga mwayo tukamsikia wote! Karani akaita mara ya pili. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Ameenda msalani." Baba akageuka akamtazama mtu yule, na mashine mkononi, mtu akanywea.

Na hapo ndipo likatoka. "HAPANA!" Sauti ya uwanjani! Ya kumwita beki arudi nyuma! Ile spika ya kwenye nguzo ilikoroma. Sijui nilisema nini hewani. Fundi mitambo anasema nilipiga kelele tu, na kwamba amezihifadhi. Mwalimu mkuu aliruka kwenye kiti na kitambaa shingoni, nusu kipara, akamkumbatia dereva wa lori. Wenye pikipiki wote waliwasha honi.

"Nyamazeni!" Baba akapaza sauti. "Bado wanaita!" Na kweli. Jimbo lililofuata: hapana. Linalofuata: ndiyo. Linalofuata: hapana, hapana! Kama vile walikuwa wamebana pumzi wakisubiri mtu mmoja wa chama chako aseme. Spika wa Bunge aliposoma matokeo nilishindwa kuyarudia. Baba alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, kaka, Baba asiyependa hata kupigwa picha, akawaambia watu wa jimbo zima: "Muswada umeanguka. Umeanguka kwa kura nne." Kisha akanirudishia, akawasha mashine, akammalizia Mwalimu upande wa pili huku machozi yanamdondoka kwenye kitambaa.

Umeikosa ile nafasi, sivyo? Najua umeikosa. Niambie unajisikiaje. Niambie yote.

Mdogo wako anayekupenda kupita maelezo,
Redio

5 Julai

Redio wangu,

Marahaba, na mimi ni mzima, tena nimelala usingizi wa mtoto.

Uliniuliza nilikuwa nafanya nini karani alipoita mara ya kwanza. Nilikuwa nimebonyeza kitufe na taa imewaka, lakini sauti haikutoka. Mnadhimu alikuwa amegeuza kiti chake ananitazama, anatabasamu vizuri tu, kama mtu anayekuonyesha mlango ulio wazi. Nikawaza uwanja wa nyasi, wallahi niliuwaza hata wakati ule. Halafu nikawaza siku ile ya tozo nilivyojibu kwa sauti ndogo. Sikutaka tena kuwa na sauti ile kooni mwangu. Nikijificha nisisikike nyumbani, basi nimekuja huku kufanya nini? Karani akaita tena, nikasimama.

Mdogo wangu, sikia na hili. Nilipokaa mama mmoja wa jimbo la pwani, hatujawahi hata kusalimiana, alinisogezea glasi yake ya maji, kisha jimbo lake likaitwa akasema hapana. Nilitamani kumbeba juu kama mfungaji.

Nafasi amepewa mwingine, jana ametangazwa. Hajawahi kushika filimbi, lakini ni mtu wa kuaminika. Na mimi nimetolewa kwenye kamati ya michezo, nimehamishiwa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, ambacho hakizunguki. Iliniuma. Nilikaa kitandani na viatu nikaangalia ukuta. Kisha simu ikaanza: mlinzi wa benki, yule yule wako! Sijui alimpitaje katibu. Akasema, "Mheshimiwa, nilitaka tu kukwambia nimekusikia." Nikalia kama nimefungwa fainali, na wakati huo huo nacheka.

Mwambie Baba naja likizo ya bunge ikianza. Ndevu zimenikaa vibaya, sijamwachia kinyozi wa huku azishike.

Kaka yako,
Kocha

19 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya? Sisi wazima. Mji mzima bado unakuimba. Wamechora sura yako kwenye ukuta wa shule ya msingi, pua wameipunguza.

Sasa. Juzi mmepigia kura nyongeza ya mishahara ya wabunge.

Ndiyo, kaka? NDIYO? Na kwa sauti ya uwanjani?

Jana mhariri aliniita pembeni. Yeye, mhariri yule yule! Akasema, "Hii tuiache ipite. Kaka yako ametuokoa, bila yeye tungekuwa tunauza viazi." Nikamtazama nisimjue. Fundi mitambo naye akainamia nyaya zake. Na mimi, nikwambie kweli, nilisita. Tangu ile kura nimekuwa nikilitaja jimbo letu hewani kifua mbele. Niliwaza ule ukuta wa shule. Niliwaza wewe kwenye kiti chako kisichozunguka, umekosa kila kitu kwa ajili yetu, na mimi nakuja tena kukuanika hewani.

Leo mchana nimeirusha. Mara moja tu, hakuna aliyepiga chafya.

Simu zilichelewa kuingia, nikadhani laini imekatika. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alikohoa, akaniuliza taratibu, "Dada, sasa nisaidie. Huyu Kocha ni wetu au si wetu?"

Nikamjibu, "Ni wetu. Ndiyo maana tunamuuliza."

Basi, kaka, ni kama nilifungua bomba! Walikufokea, walikutetea, mwalimu mkuu alisema hata mbunge anakula, mama wa mafuta ya taa alisema hata yeye anakula na hajajiongezea mshahara, fundi seremala akataka muulizwe wote, si wewe peke yako. Kipindi kilipita muda wake hadi taarifa ya michezo ikasomwa kwa mistari miwili. Sijawahi kutangaza kipindi kitamu namna ile, na nilikuwa nimekukasirikia muda wote!

Nilipotoka nilipitia dukani. Baba alikuwa anafagia nywele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie ndevu zake akanyolewe huko huko na mshahara mpya." Nikaondoka. Sijafika kwenye kona, nikasikia ananiita, anataka kujua basi lako linafika siku gani na saa ngapi.

Ijumaa ijayo, likizo yenu ikianza, utakuwa hapa. Nimekuwekea kiti studio, mkabala na changu, na laini zote zitakuwa wazi. Kama sababu unayo, njoo uwape mwenyewe. Kama huna, njoo hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Redio